Maswali Yenu: Picha za MRI Baada ya Matibabu ya Uvimbe wa Ubongo

Barua za wasomaji wa Mtwara na Lindi zimekuwa zikirudi kwenye jambo moja. Upasuaji umefanyika Dar es Salaam, pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Mionzi imetolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mgonjwa karejea kwao, na sasa kila baada ya miezi kadhaa anatakiwa apigwe MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Ya nini tena, na majibu yake yasomwe vipi? Barua zilizofanana tumezijibu kwa pamoja. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu kosa linaloelezwa humo linawakatisha wagonjwa matibabu ambayo huenda yanafanya kazi.

Shikamooni madaktari. Mume wangu ana miaka 47. Alipasuliwa uvimbe unaoitwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, akapata mionzi mara 30 pamoja na vidonge vya temozolomaidi. Mionzi aliimaliza wiki sita zilizopita. MRI ya juzi inasema eneo linalong'aa limeongezeka kuliko la kabla ya mionzi. Wakwe zangu wanasema dawa imeshindwa, tuache kuhangaika na nauli. Je, ni kweli imeshindwa? — Mama wa watoto watatu, Tandahimba

Marahaba, mama. Msisimamishe matibabu kwa picha hiyo. Mumeo yuko katika kipindi ambacho MRI ya kawaida haiwezi kutenganisha uvimbe uliokua na ubongo uliochubuliwa na mionzi, na bingwa yeyote akipewa picha hiyo peke yake hawezi kuapa ni kipi kati ya hivyo viwili.

Sababu ni ile dawa anayochomwa mshipani kabla ya picha za mwisho, gadolini. Wengi hudhani kazi yake ni kuipaka saratani rangi. Sivyo. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta uliobana kuliko mishipa ya sehemu nyingine za mwili, na ukuta huo ukiwa mzima gadolini haipiti. Ukuta ukivunjika, dawa huvuja, na palipovuja ndipo panapong'aa. Uvimbe huvunja ukuta huo. Mionzi nayo huuvunja, hasa ikienda sambamba na temozolomaidi. Kwa hiyo mng'ao unaonyesha kwamba mshipa unavuja, aliyeuvunja hautaji. Hali ya picha kuonekana imezidi kwa sababu ya matibabu huitwa ukuaji bandia, na tafiti nyingi zimeikuta kwa wagonjwa kati ya 10 na 30 katika kila 100 wenye ugonjwa wa mumeo.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa ziitwazo RANO, zilizotolewa mwaka 2010 na kurekebishwa 2023, zinataka tahadhari kubwa katika wiki 12 za kwanza baada ya mionzi. Ndani ya wiki hizo, mng'ao uliozidi haumtoshi daktari kutangaza kwamba ugonjwa umerudi, isipokuwa doa jipya limetokea nje kabisa ya eneo lililopigwa mionzi, au kipande cha nyama kimepimwa maabara na kuthibitika. Vinginevyo, kama mgonjwa hali yake imetulia, dawa huendelea na MRI hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 8. Marekebisho ya 2023 yaliongeza jambo linalowahusu ninyi moja kwa moja: picha ya msingi, ile ambayo zote zijazo zitalinganishwa nayo, ni ya takriban wiki 4 baada ya mionzi kwisha. Hiyo picha ya juzi ndiyo mwanzo wa hesabu. Kuilinganisha na ya kabla ya mionzi kumewatia hofu bila sababu ya kutosha.

Tazameni pia kama ripoti imetaja milimita. Neno "limeongezeka" bila kipimo halitoshi. Kwa RANO, uvimbe uliobaki hupimwa kipenyo kirefu zaidi mara kile kinachokikata kwa pembe mraba. Uliokuwa milimita 20 kwa 20 hutoa 400, ukifika 25 kwa 20 hutoa 500, nalo ni ongezeko la asilimia 25. Hapo ndipo mpaka wa kuanza kusema umekua, na hata hapo picha ya pili huhitajika kuthibitisha. Uwazi ulioachwa na upasuaji hauingizwi kwenye kipimo.

Sasa, kuna vipimo vya ziada ndani ya MRI ileile vinavyosaidia kumtambua mvunjaji wa ukuta, na ni haki yenu kuuliza kama vinaweza kufanyika. Cha kwanza ni pafyusheni, kinachopima damu. Gadolini husukumwa mshipani kwa kasi huku mashine ikipiga ubongo mzima kila baada ya sekunde moja na nusu hivi, kwa muda wa dakika mbili. Dawa inapopita, mwangaza wa tishu hushuka kisha hupanda tena. Penye damu nyingi hushuka zaidi. Kiasi hicho hulinganishwa na sehemu nyeupe ya ubongo ya upande usio na ugonjwa. Uvimbe ulio hai hujiotesha mishipa mipya, hivyo damu huwa nyingi. Tishu iliyoungua na mionzi huwa na damu kidogo hata kama inang'aa sana.

Cha pili ni difyusheni, kinachotazama jinsi maji yanavyotembea kati ya seli. Seli za uvimbe zikisongamana, maji hukosa njia. Lakini ubongo uliopata kiharusi kidogo wakati wa upasuaji huonekana vilevile, na usaha pia, kwa hiyo difyusheni husomwa na tarehe ya upasuaji ikiwa mezani. Cha tatu ni spektroskopi, kinachosoma kemikali: kolini hupanda seli zinapozaliana, kemikali ya NAA hushuka seli za neva zinapokufa, na mafuta pamoja na asidi ya laktiki hutawala pale tishu iliyokufa ilipojaa.

Kati ya hivyo, pafyusheni ndiyo tunayoitegemea zaidi. Lakini hakuna kimoja kinachojitosheleza, na mara nyingi jibu la kweli ni kwamba vyote viwili vipo: chembe hai za uvimbe katikati ya tishu iliyokufa. Baadhi ya uvimbe, kama oligodendroglioma, huwa na damu nyingi tangu mwanzo hata ukiwa wa daraja la chini. Na kile kiwango cha damu ambacho juu yake husemwa "ni uvimbe" hutofautiana kwa mashine na kwa programu ya hesabu. Cha hospitali moja hakihamishiwi nyingine kama kilivyo.

Jambo la mwisho kwako, mama. Mumeo akianza degedege, akatapika asubuhi kwa kichwa kuuma, akawa mzito kuamka au mkono ukalegea, msisubiri tarehe ya MRI. Mpelekeni siku hiyohiyo hospitali ya rufaa iliyo karibu, Ligula kwa mkoa wenu. Ukuaji bandia nao unaweza kuvimbisha ubongo hadi ukahitaji matibabu ya haraka.

Daktari, miezi kumi na nne baada ya mionzi, mbona wanasema kinachong'aa kwa dada yangu huenda ni "tishu iliyokufa"? Hizo wiki 12 si zimeshapita? — Masasi

Zimepita, na ni kweli kwamba baada ya hapo mng'ao unaokua hushukiwa zaidi kuwa ni ugonjwa. Ila mionzi ina madhara mawili yenye majira tofauti. La mapema tumelieleza hapo juu. La kuchelewa, tishu kufa kwa mionzi, hujitokeza miezi kadhaa hadi miaka baadaye, kwa sababu mishipa midogo iliyodhurika huziba taratibu. Hapa pafyusheni na spektroskopi ndiyo mahali pake hasa. Mwulizeni daktari pia kama doa limo ndani ya eneo lililopata dozi kubwa ya mionzi. Ramani ya mionzi ipo kwenye kumbukumbu za hospitali iliyomtibu, na kuiweka kando ya MRI hujibu mengi.

Mimi ni mtaalamu wa radiografia, Mtwara. Picha za kawaida kwenye mashine yenye nguvu ya sumaku ya Tesla 1.5 zinatoka safi, lakini pafyusheni mara nyingi inaharibika: mchirizo wa dawa hauonekani vizuri, au ramani inakuwa na mashimo meusi. Tatizo ni nini?

Anza na kanula. Pafyusheni inataka dawa ifike ubongoni kwa mkupuo mmoja, mililita 3 hadi 5 kwa sekunde, kwa pampu. Kanula ya bluu, namba 22, iliyowekwa kiganjani haiwezi kubeba kasi hiyo kwa usalama. Weka ya pinki, namba 20, au ya kijani, namba 18, kwenye kiwiko, na afadhali mkono wa kulia, kwa sababu mshipa mkubwa wa upande wa kushoto hubanwa kifuani kwa baadhi ya watu na dawa ikarudi nyuma. Ijaribu kwanza kwa maji ya chumvi kwa kasi ileile. Kisha dozi: milimoli 0.1 kwa kilo, ambayo kwa gadolini ya milimoli 0.5 kwa mililita ni mililita 0.2 kwa kilo, hivyo mgonjwa wa kilo 60 anapata mililita 12. Kwa ile ya milimoli 1 kwa mililita ni nusu yake, mililita 6. Soma lebo kila mara, maana kuchanganya aina hizi mbili ndiko kunakozaa dozi maradufu. Sukuma nyuma yake mililita 20 za maji ya chumvi kwa kasi isiyobadilika.

Piga picha 30 hadi 50 kabla ya kuanza kuchoma, ili programu ipate mstari wa kuanzia. Ukianza kuchoma mapema, hesabu yote inapinda na hakuna njia ya kuirekebisha baadaye.

Kuvuja kwa dawa nako hupotosha: kwenye uvimbe unaovuja sana, gadolini iliyotoka nje ya mshipa hupandisha mwangaza na kuficha mshuko, damu ikaonekana kidogo kuliko ilivyo. Yaani uvimbe hai unaweza kusomwa kama tishu mfu, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote hapa. Njia mbili zinakubalika. Ama utangulize dozi dakika tano au sita kabla, kisha upige kwa pembe (flip angle) ya nyuzi 60; ama uchome dozi moja tu kwa pembe ndogo ya nyuzi 30, na muda wa mwangwi (TE) wa milisekunde 40 hadi 50 kwa Tesla 1.5. Hii ya pili inaokoa dawa, na kwa hospitali ambayo kila chupa inahesabiwa ndiyo tunayoipendekeza. Katika njia zote mbili washa marekebisho ya uvujaji kwenye programu.

Mashimo meusi yana chanzo kingine. Damu ya zamani kwenye uwazi wa upasuaji, bamba za titani kwenye fuvu, na hewa ya paji la uso au ya sikio huvuruga usumaku wa karibu na kufuta ishara. Kabla ya kuamua kwamba sehemu haina damu, fungua picha zinazoonyesha masalia ya damu uone kama shimo halijakaa juu yake. Kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake uko hapo hapo penye bamba, mwambie daktari wazi kwamba pafyusheni haitasomeka. Ni bora kuliko kumpelekea ramani ya rangi nzuri isiyo na ukweli. Spektroskopi nayo ifanye kabla ya gadolini ikiwezekana, kisanduku cha sentimita 2 kila upande kikae mbali na mfupa na ngozi ya kichwa, la sivyo mafuta ya ngozi yatajaza mchoro.

Mama yangu wa Nachingwea alitolewa meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo) daraja la kwanza, yote. Jirani yake mwenye glioblastoma anaitwa kila miezi miwili au mitatu, yeye kaambiwa arudi mwaka kesho. Je, amesahauliwa?

Hajasahauliwa. Ratiba hufuata aina ya uvimbe. Meninjioma ya daraja la kwanza iliyotoka yote hukua taratibu sana. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unataka MRI mara moja kwa mwaka kwa miaka mitano, kisha kila miaka miwili. Daraja la pili ni kila miezi sita. Glioblastoma ni kila miezi miwili hadi mitatu kwa sababu inaweza kubadilika ndani ya muda huo.

Picha isiyofidika kwa wengi ni ya kwanza kabisa, ile ya ndani ya saa 48 baada ya upasuaji, na isivuke 72. Baada ya hapo kidonda chenyewe huanza kung'aa na huwezi tena kujua kilichobaki. Kwa aliyetolewa glioma, kundi la uvimbe ambamo glioblastoma imo, difyusheni iwemo kwenye picha hiyo: ikionyesha kiharusi kidogo ukingoni mwa jeraha, basi wiki chache baadaye ukingo huohuo ukianza kung'aa mtajua ni kupona kwa kiharusi.

Kwa familia zinazosubiri malipo ya korosho: mauzo huanza Oktoba, lakini kwa glioblastoma picha ya Julai haiwezi kusogezwa hadi hapo. Kama fedha ni za picha moja tu, zungumzeni na daktari ni ipi isiyokwepeka, kuliko kuruka kimyakimya.

Baba anatumia deksamethasoni. Wiki ya MRI kichwa kilimzidi, tukaongeza vidonge wenyewe. Picha ikatoka nzuri, daktari akafurahi. Tumwambie? — Mtama

Mwambieni leo. Deksamethasoni huziba uvujaji, kwa hiyo mng'ao na uvimbe wa maji hupungua hata kama saratani iko palepale. Picha ile haiwezi kuhesabiwa kuwa nafuu. Na kinyume chake, dozi ikipunguzwa, picha huweza kuonekana mbaya bila ugonjwa kuongezeka. Daktari akiridhia, dozi isibadilishwe siku saba kabla ya picha. Msiikate ghafla kwa hali yoyote, kwani mwili uliozoea dawa hiyo hushindwa kutengeneza homoni yake na mgonjwa anaweza kuzimia.

Andikeni dozi kwa miligramu. "Vidonge viwili" havina maana, kwa kuwa kuna vya miligramu 0.5 na vya miligramu 4. Vivyo hivyo mgonjwa akiwa kwenye bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe kujiotesha mishipa ya damu: mng'ao hufifia ndani ya siku chache huku ugonjwa ukisambaa pasipong'aa, na hapo daktari hutegemea FLAIR, picha za MRI zisizotegemea mng'ao wa gadolini, kuuona.

Bibi yetu wa Newala ana nembo usoni za Kimakonde tangu ujana. Pia kichwani amewekewa mrija wa kutoa maji. Mashine ya sumaku haitamdhuru?

Nembo za zamani zilizochanjwa na kutiwa mkaa hazina chuma, kwa hiyo hazitamwunguza. Michoro ya kisasa yenye rangi za chuma ndiyo huweza kupata moto. Hata hivyo mwambieni mtaalamu, naye atamwomba bibi abonyeze kitufe akihisi joto. Avue hereni, hirizi yenye bati au sindano, na nywele za bandia zenye nyuzi za chuma. Bamba za titani si kikwazo. Kwa mrija, leteni kadi yake. Kuna valvu zinazorekebishwa kwa sumaku, na MRI inaweza kuibadilisha kipimo. Ikiwa ni ya aina hiyo, lazima ikaguliwe na kurudishwa kipimo chake siku ileile. Aliyewahi kuwa fundi wa kuchomelea na akaingiwa na kipande cha chuma jichoni apigwe eksirei ya macho kwanza.

Mwanangu ana mzio wa kamba wa baharini. Anaweza kuchomwa gadolini? Nami ninanyonyesha. — Kilwa Masoko

Ndiyo kwa yote mawili. Mzio wa kamba hauhusiani na gadolini. Kinachoulizwa ni kama aliwahi kupata mzio wa gadolini yenyewe, na figo zikoje: kipimo cha kreatinini kifanyike kabla, na kama utendaji wa figo (eGFR) uko chini ya 30, daktari achague aina salama ya dawa au aiache. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno, kwa hiyo endelea kunyonyesha. Mjamzito ndiye asiyechomwa, ila kwa dharura. Dawa za degedege zinywewe kama kawaida siku ya picha. Na MRI haina mionzi, hivyo kurudiwa mara nyingi hakumwongezei mtoto mionzi.

Tuliwatumia madaktari wa Dar es Salaam picha za filamu kwa simu, wakasema hazifai. Lindi hadi huko ni mbali. Tufanyeje?

Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu haipimiki wala haibadiliki mwangaza. Kila mara ombeni sidii au flashi yenye mafaili ya DICOM, yaani picha za kidijitali kama mashine ilivyozitoa, ya picha zote, pamoja na data ghafi ya pafyusheni, kisha hakikisheni inafunguka kabla hamjaondoka kaunta. Wekeni nakala mbili, moja nyumbani.

Kwenye fomu ya ombi la MRI hakikisheni yameandikwa: aina na daraja la uvimbe, tarehe ya upasuaji, tarehe ya mionzi kuanza na kwisha na dozi yake, dawa anazotumia, deksamethasoni kwa miligramu, na swali lenyewe, kwa mfano "ukuaji bandia au ugonjwa umerudi?" Fomu iliyoandikwa "MRI ya kichwa" tu hupata itifaki ya maumivu ya kichwa, na msomaji wa picha hukosa cha kulinganisha. Ikiwezekana rudini mashine ileile kila mara, au angalau yenye nguvu ileile ya sumaku. Mashine ndogo za wazi, chini ya nusu Tesla, zinaonyesha ukubwa wa uvimbe lakini kwa pafyusheni na spektroskopi hazitoshi. CT, picha ya eksirei ya kompyuta, inafaa kwa dharura ya damu au maji kichwani. Kutofautisha ukuaji bandia haiwezi.

Miadi ikiangukia masika, ondokeni siku mbili mapema. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu eneo la Somanga. Mkikwama, mpigieni daktari kabla ya tarehe kupita, ili miadi ipangwe upya ndani ya wiki chache badala ya kuanza foleni upya.